Katika Fahrenheit 451, ni nani aliyeanza kuviua vitabu: serikali au wasomaji wenyewe?

Mwanafasihi_MwakaWaKwanza ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za masomo. Ninasoma fasihi chuo kikuu, mwaka wa kwanza, na wiki hii nimerudishiwa insha niliyoiandika kuhusu riwaya ya Ray Bradbury iitwayo Fahrenheit 451, iliyotoka Marekani mwaka 1953. Tulitakiwa kueleza jinsi kila mmoja wetu alivyoipokea riwaya hiyo kama msomaji. Niliandika kurasa nne nikidai kwamba ni riwaya kuhusu dola dhalimu inayochoma vitabu ili raia wasifikiri, na nikamfanya Kapteni Beatty, mkuu wa kikosi cha zimamoto, kuwa sura ya dola hiyo. Mhadhiri hakuweka alama yoyote. Aliandika pambizoni kwa penseli: "Soma tena anachosema Beatty kando ya kitanda cha Montag, kisha uniambie ni nani aliyeanza."

Kwa wasioisoma, Guy Montag ni askari wa zimamoto katika mji wa Marekani wa siku zijazo, ambako kazi ya kikosi chake ni kuteketeza kila nyumba inayokutwa na vitabu. Kofia yake ina namba 451, ambayo kwa kipimo cha Fahrenheit ndiyo joto ambalo mwandishi anasema karatasi hushika moto, yaani karibu nyuzi 233 za Selsiasi. Anakutana na jirani yake Clarisse, msichana wa miaka 17, ambaye anamuuliza kama ana furaha, na swali hilo linamkosesha utulivu. Baadaye, katika nyumba walimokwenda kuchoma vitabu, mwanamke mzee anakataa kutoka, anawasha njiti ya kiberiti kwa mkono wake mwenyewe, na kuungua pamoja na vitabu vyake. Montag anashindwa kwenda kazini siku inayofuata, na ndipo Beatty anapomjia nyumbani, akakaa, akawasha kiko chake, akaanza kuzungumza, ilhali Montag amelalia kitabu alichokiiba na kukificha chini ya mto.

Nimeirudia hotuba hiyo mara tatu. Beatty anasema jambo hili halikushuka kutoka serikalini, na kwamba mwanzoni hapakuwa na amri, tangazo wala udhibiti. Watu waliongezeka, mwendo wa maisha ukaongezeka, na vitabu vikaanza kufupishwa: kazi kubwa za fasihi zikapunguzwa zitoshe kipindi cha redio cha dakika 15, zikapunguzwa tena zitoshe safu ya kusomwa kwa dakika mbili, hadi mwisho zikabaki mistari kumi au kumi na miwili katika kamusi. Kila kundi lilipolalamika kwamba kitabu fulani kimeliudhi, sehemu ile ikaondolewa. Zimamoto walikuja mwishoni, wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufanyika.

Sehemu hiyo ya ufupisho imenichoma, na nitaeleza kwa nini. Nilipokuwa sekondari, riwaya na tamthilia zote tulizotahiniwa nilizipita kwa kusoma uchambuzi, yaani zile karatasi za kudurufu zilizobanwa kwa pini, zenye orodha ya dhamira, wahusika na mbinu za kisanaa. Darasa zima lilikuwa na nakala tatu za riwaya, lakini uchambuzi kila mtu alikuwa nao. Karatasi yangu moja ilikuwa na doa la mafuta ya taa kwenye kona ya juu, na niliikariri hata nikajua ni mstari gani unaanzia chini ya doa. Nilifaulu vizuri. Leo nalikumbuka jina la mhusika mkuu wa riwaya ile na dhamira zake tano, lakini sijui alikuwa anazungumzaje, wala sijui kama angenichekesha au angenitia huzuni. Nilipofika pale Beatty anapoeleza habari za mistari kumi ya kamusi, niliifunika riwaya nikakaa kimya kwa muda mrefu.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, je, Beatty ni shahidi wa kuaminika, au maneno yake ni ya mchoma vitabu anayejitetea? Pili, kama ni kweli kwamba watu wenyewe ndio walioviacha vitabu, basi kosa la serikali katika riwaya hii ni lipi hasa?

Msomaji_Morogoro amejibu:

Ndugu yangu, mimi nakushauri usimwamini Beatty hata kidogo. Huyu ni mkuu wa kikosi ambacho kitabu chake cha kanuni kinasema kilianzishwa mwaka 1790 kwa ajili ya kuchoma vitabu vyenye athari za Kiingereza katika makoloni, na kwamba askari wake wa kwanza alikuwa Benjamin Franklin. Ukweli ni kwamba Franklin alikuwa mchapishaji, alishiriki kuanzisha maktaba ya kuazimisha vitabu huko Philadelphia mwaka 1731, na kikosi alichokianzisha mwaka 1736 kilikuwa cha kuzima moto. Mtu anayeweza kuigeuza historia ya namna hiyo ataishia hapo tu? Insha yako ya kwanza ilikuwa sahihi. Mhadhiri amekujaribu aone kama utaitetea.

MwalimuMstaafu amejibu:

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na ningefurahi sana kama wanafunzi wangu wangeniletea swali kama hili. Msomaji wa Morogoro amegusa jambo la kweli, ila amelimaliza mapema mno. Mtu anaweza kusema uongo kuhusu jambo moja na akasema kweli kuhusu jingine, na msomaji makini humpima shahidi kwa kutafuta shahidi mwingine asiye na sababu ya kumuunga mkono.

Shahidi huyo yumo riwayani. Ni Faber, profesa mzee wa Kiingereza, aliyepoteza kazi miaka 40 nyuma pale chuo cha mwisho cha sanaa na fasihi kilipofungwa kwa kukosa wanafunzi na wafadhili. Faber anamchukia Beatty na kila anachokisimamia. Hata hivyo, Montag anapomwendea kuomba msaada, Faber anamwambia jambo lile lile, kwamba zimamoto hawahitajiki sana, kwa kuwa umma uliacha kusoma kwa hiari yake. Kisha anaongeza kitu ambacho Beatty hawezi kukitamka. Anakiri kwamba yeye mwenyewe aliona mambo yanakoelekea tangu zamani, na alikuwa mmoja wa wale wasio na hatia ambao wangeweza kupaza sauti wakati hakuna ambaye angewasikiliza wenye hatia, lakini hakusema neno. Anajiita mwoga. Kwa hiyo mahasimu wawili wanakubaliana kuhusu chanzo, lakini mmoja anakisimulia kana kwamba ni hali ya hewa, mvua iliyonyesha tu bila mtu kuileta, na mwingine anakisimulia kama dhambi ambayo na yeye ana fungu lake. Hapo ndipo ningependa insha yako ikae.

Zingatia jinsi Beatty anavyoipanga hoja yake. Katika maelezo yake yote hakuna mtu aliyetenda jambo. Idadi ya watu iliongezeka, mwendo uliongezeka, makundi yalinung'unika, vitabu vikapungua. Hakuna jina la mtu aliyetia saini. Na mwishoni mwa mlolongo huo anasimama yeye, mpira wa mafuta ya taa mkononi, kama mtu aliyeitwa tu kufagia. Maelezo hayo yana ukweli mwingi ndani yake, na ndiyo sababu yana hatari.

Sasa swali lako la pili. Kosa la serikali linaonekana wazi karibu na mwisho, na nashangaa ni wanafunzi wachache wanaolitaja. Montag anapokimbia, polisi wanampoteza mtoni. Watu wote wa mji wamekaa wanautazama msako kwenye kuta zao za televisheni, na haiwezekani kuwaambia kwamba mshitakiwa ametoroka. Kamera inamtafuta mtu mwingine, raia asiye na kosa aliyezoea kutoka peke yake alfajiri kutembea, sigara mkononi. Mbwa wa Mashine, yaani mtambo wa zimamoto wa kuwinda watu, anamrukia. Kamera haikai usoni pake hata mara moja, na sauti inatangaza kwamba Montag amekufa. Montag mwenyewe anayatazama hayo kwenye televisheni ndogo, akiwa na wazee waliokimbilia porini. Mtu yule hakuuawa kwa sababu ya kitabu, wala hakuna kundi lolote lililolalamika juu yake. Aliuawa kwa sababu kipindi kilihitaji kumalizika kwa wakati, na wenye mamlaka walijua kwamba watazamaji hawatauliza. Ukiiweka picha hiyo kando ya hotuba ya Beatty utapata jibu: wananchi waliacha mlango wazi kwa uvivu wao, lakini aliyeingia na kuua alifanya hivyo kwa mpango na kwa amri.

Kuhusu karatasi zako za uchambuzi, nakuomba usijihukumu kwa kipimo cha Beatty. Yeye anasema watu walipewa vitabu wakavikataa. Wewe umeandika kwa mkono wako kwamba darasa zima lilikuwa na nakala tatu. Mtoto aliyekosa kitabu akashika muhtasari hayuko sawa na mtu aliyekuwa nacho akakitupa. Faber anataja mambo matatu yanayokosekana katika mji ule: habari zenye ubora na uhai, nafasi ya kuzitafakari, na haki ya kutenda kutokana na yale tunayojifunza kutoka katika hayo mawili. Jiulize ni lipi kati ya hayo lilikosekana darasani kwenu. Nadhani utapata aya nzuri sana, na itakuwa ya kwako.

Niongeze jambo moja la historia ambalo wanafunzi hulipenda. Mwaka 1967 wachapishaji wa riwaya hii hii walitoa toleo maalumu kwa shule za sekondari, wakabadilisha vifungu vipatavyo 75 bila kumwambia mwandishi. Maneno makali yaliondolewa, neno la kutoa mimba likaondolewa, na mlevi mmoja akageuzwa kuwa mgonjwa. Kuanzia mwaka 1973 toleo lililokatwa ndilo pekee lililokuwa likichapishwa, mpaka mwaka 1979 mwandishi alipogundua na kudai maneno yake yarudishwe. Bradbury ameandika kwamba wanafunzi ndio waliomwandikia barua kumweleza. Hakuna mwanasiasa aliyeagiza ukataji ule. Ulifanywa na watu wa ofisini waliotaka kitabu kikubalike mashuleni bila malalamiko, yaani kwa utaratibu ule ule ambao Beatty anaueleza.

Mfasiri_wa_Mvita amejibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, na ningependa kuuleta katika lugha yetu, kwa kuwa kwa muda mrefu nimekuwa nikijaribu kuzifasiri kurasa za mwanzo za riwaya hii kwa ajili yangu mwenyewe, na nimekwama kwenye neno moja.

Katika Kiingereza, jina la kazi ya Montag, "fireman", limeundwa kwa maneno mawili tu, moto na mtu. Jina hilo halisemi kama mtu huyo anauwasha moto au anauzima. Uongo wote wa kitabu cha kanuni cha Beatty unapita katika upenyo huo. Clarisse anapomuuliza Montag kama ni kweli kwamba zamani watu wa kazi yake walikuwa wakizima moto, Montag anaweza kucheka na kumjibu kwamba sivyo, kwa sababu jina lake halimsuti. Kwa Kiswahili haiwezekani. Neno zimamoto lina kitenzi ndani yake. Mtu akisema, "Mimi ni zimamoto, kazi yangu ni kuchoma," ulimi wake mwenyewe umeshamkanusha kabla hajamaliza. Ili serikali ile iweze kutawala kwa Kiswahili, ingelazimika kwanza kulifuta neno hilo na kuwapa watu jina jingine, na wazee wangekuwa bado wanalikumbuka la zamani. Mwanafunzi, nakupa wazo hili ulitumie ukipenda: swali lenu mnaloulizwa ni jinsi riwaya inavyopokewa, na msomaji wa Kiswahili anaupokea uongo wa Beatty akiwa na kinga ambayo msomaji wa Kiingereza hana.

Jambo langu la pili linahusu kumbukumbu. Mwalimu amewataja wale wazee wa porini, na kiongozi wao anaitwa Granger. Kila mmoja wao amehifadhi kitabu kichwani, na Montag anapokelewa kwa sababu ana sehemu ya kitabu cha Mhubiri kutoka katika Biblia. Nimeona wasomaji wengi wa nje wakiichukua sehemu hiyo kama ndoto ya mwandishi. Kwetu Mombasa si ndoto. Nimekulia katika nyumba ambayo mtoto wa miaka kumi alikuwa na juzuu nzima kifuani, na babu alikuwa akimsikiliza amefumba macho, akigonga goti kwa kidole kila herufi inapokosewa. Tungo za Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, zilibaki vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipofanya kazi ya kuzikusanya pamoja na mmisionari W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Beti tunazozisoma leo zilihifadhiwa na watu ambao wengi wao majina yao hatuyajui.

Lakini angalieni kwamba Beatty naye amehifadhi. Yule mwanamke mzee, kabla ya kuwasha kiberiti, anatamka maneno ambayo Latimer alimwambia Ridley, maaskofu wawili wa Kiingereza, walipokuwa wakichomwa moto Oxford mwaka 1555 kwa ajili ya imani yao, na katika gari la kurudi ni Beatty, peke yake kati ya wote, anayeyatambua na kueleza yalitoka wapi. Baadaye anamshambulia Montag kwa nukuu moja baada ya nyingine, akizigonganisha ili kuonyesha kwamba vitabu vinapingana na kwa hiyo havifai. Amesoma kuliko kila mtu katika riwaya, pengine hata kumshinda Faber. Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba riwaya hii inasema kusoma peke yake kunamponya mtu. Tofauti kati ya Beatty na Granger, kwa maoni yangu, ni kwamba Granger amekihifadhi kitabu ili akitoe kwa mwingine, na yuko tayari kusubiri hata kama kitapita kwa watoto wake kwanza, ilhali Beatty anakishika ili kumnyamazisha aliye mbele yake.

Mwanafasihi_MwakaWaKwanza amejibu:

Nawashukuru sana wote, na Mwalimu, maneno yako kuhusu nakala tatu yamenipunguzia mzigo ambao sikujua kwamba nilikuwa nimeubeba tangu sekondari. Nimeanza kuiandika insha upya. Sitaki kumwondoa Beatty, bali namweka pamoja na Faber katika aya moja, wote wawili wakieleza chanzo kile kile, kisha naleta kifo cha yule mtembea kwa miguu. Wazo la zimamoto nitalitumia, Mfasiri, na nitaeleza kwamba si langu.

Lakini mhusika ambaye sijui nimweke wapi ni Mildred, mke wa Montag. Katika insha ya kwanza nilimdharau. Niliandika kwamba ni mtu mtupu, anayetaka ukuta wa nne wa televisheni kwa dola 2,000 wakati kuta tatu wanazo tayari na fedha hizo ni theluthi ya mshahara wa mumewe wa mwaka. Sasa nimerudi kwenye usiku ule wa mwanzo, Montag anapomkuta amemeza vidonge vyote vya usingizi. Hakuna daktari anayekuja. Wanakuja mafundi wawili na mashine, wanamtoa sumu tumboni na kumbadilisha damu huku wakivuta sigara, na mmoja anasema kwamba wanapata watu wa namna hiyo tisa au kumi kwa usiku mmoja, ndiyo maana ilibidi mashine maalumu zitengenezwe. Asubuhi Mildred anaamka ana njaa, na hakumbuki kitu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliipita haraka kwa sababu nilikuwa natafuta serikali. Mara hii nilisimama kwenye hiyo idadi, tisa au kumi kila usiku. Kama Beatty anasema watu walichagua furaha, hawa wanaomeza vidonge ni nani?

MwalimuMstaafu amejibu:

Mwanangu, swali hilo la mwisho ndilo lianze insha yako. Beatty anamwambia Montag kwamba kazi yao ni kulinda furaha ya watu dhidi ya wachache wanaotaka kila mtu ahuzunike kwa nadharia zinazopingana. Mashine ya wale mafundi wawili ni ushahidi dhidi yake, na imewekwa na mwandishi kurasa nyingi kabla Beatty hajafungua kinywa. Usimwandike Mildred kama mfano wa watu wabaya. Mwandike kama mtu ambaye alikuwa anaumwa katika nyumba isiyo na neno la kuutaja ugonjwa wake. Kumbuka pia Bibi Phelps, yule rafiki yake, ambaye Montag anaposoma shairi la Matthew Arnold sebuleni anaangua kilio na hawezi kueleza kwa nini. Kilio hicho na vile vidonge ni kitu kimoja.

Nina ombi dogo. Umesema nakala yako umeipata wapi? Kama ni ya zamani, angalia kama ni lile toleo lililokatwa. Fungua hapo hapo baada ya shairi, Montag anapomfokea Bibi Bowles, mgeni mwingine wa Mildred, na kumwambia aende nyumbani akawafikirie waume zake watatu. Katika maandishi kamili, sentensi hiyo inaendelea na kumtajia mimba alizozitoa.

Mwanafasihi_MwakaWaKwanza amejibu:

Niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kando ya barabara, na jalada lake la mbele halipo, kwa hiyo sikuwa najua ni ya mwaka gani. Nimefungua sasa hivi. Sentensi imefika mpaka mwisho, neno lipo, na mtu aliyekuwa na kitabu hiki kabla yangu amelipigia mstari kwa kalamu ya bluu.